Tabaga Iliyobaki Juu

Pale Luzira, kwenye kile kichochoro kinachoteremkia Port Bell, ukiuliza nyumba ya Sulaimani wa valvu hakuna atakayekuzungusha. Utaonyeshwa nyumba ya bati jekundu yenye baraza, na mbele ya baraza nguzo ya chuma. Ukifika usipoteze pumzi zako kupiga hodi. Zunguka umsimamie mbele akuone, ndipo umsalimie, maana mzee yule hasikii. Watoto wa mtaa wanalijua hilo, wanampungia mkono tu na kupita.

Na uziwi huo hakurogwa na mtu, jamani. Aliutafuta mwenyewe, kidogo kidogo, kwa ukaidi wake, miaka yote aliyofanya kazi kwenye kiwanda cha mafuta ya kupikia na sabuni kule chini karibu na ziwa.

Wazee wake ni Wanubi, watu wa jeshi toka enzi za Wazungu, na Kiswahili chake ni cha kambini, cha kuamrisha. Baba yake alitaka ashike bunduki. Yeye akashika spana, akaingia kiwandani akiwa kijana hana hata ndevu, akatoka akiwa babu.

Kazi yake ilikuwa valvu zinazojiongoza. Si bomba la nyumbani, ambalo unalizungusha kwa mkono maji yakatoka. Kiwandani mafuta yanapashwa moto kwa mvuke ndani ya matangi makubwa. Mvuke ukizidi, mafuta yanaungua, ukipungua, hayaivi. Nani atakaa pale kutwa, afungue afunge, afungue afunge? Basi pana kipimo kinachochungulia joto ndani ya tangi, na pana chumba ambamo joto hilo linalinganishwa na lile linalotakiwa. Kutoka huko hewa inatumwa kwenye kibomba chembamba mpaka kichwani kwa valvu. Kichwa chenyewe ni chungu cha chuma, na ndani yake mna kiwambo cha mpira. Hewa inakisukuma kiwambo huku, springi inakirudisha kule, na katikati ya ugomvi wao fimbo ya valvu inapanda au inashuka, na mvuke unapita mwingi au kidogo. Joto likibadilika, kipimo kinasema, hewa inabadilika, fimbo inasogea tena. Mchana na usiku ni hivyo hivyo.

"Sasa hewa ikikatika?" Sulaimani aliwauliza wote waliokuja kufanya kazi naye.

"Springi inabaki peke yake," aliwajibia. "Na springi haingoji amri ya mtu. Kwa hiyo valvu ya mvuke tunaipanga hivi: hewa ndiyo inaifungua, springi inaifunga. Hewa ikikata, mvuke nao umekata, hakuna atakayeungua. Valvu ya maji ya kupozea tunaigeuza: hewa inaifunga, springi inaifungua. Hewa ikikata, maji yanakwenda yenyewe, tangi linapoa. Usiniambie valvu inafanya nini ikiwa nzima, hilo hata mbuzi ataliona. Niambie itafanya nini ikifa!"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake, na aliliuliza mpaka watu wakalichoka. Wengine walimwiga nyuma ya mgongo wake, pamoja na kidole kile alichokuwa akikinyanyua.

Kuhusu masikio, mambo yalikuwa hivi. Valvu ikianza kuumwa, kabla haijaonyesha dalili ya macho, inasikika. Fimbo inakwaruza, au inakwama kisha inaruka. Sulaimani alikuwa anaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye tumbo la valvu, mpini anaubana sikioni, anafumba macho, anasikiliza. Kiwanda kilitoa vikinga masikio kwa kila mtu. Vya kwake alivivaa shingoni kama shanga. "Nikiziba nitasikia nini?" alisema. Na mvuke ukipita mahali pembamba unapiga mluzi wa kupasua kichwa. Akasimama karibu na mluzi huo, sikio wazi, mwaka nenda mwaka rudi. Zikaanza kupotea sauti za ndege alfajiri. Ikafuata simu, ikafuata adhana ya msikiti wa jirani. Mwisho ikapotea sauti ya mke wake.

Mke mwenyewe ni Zuleika. Marehemu Zuleika, Mungu amrehemu. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye maneno mengi na mikono isiyotulia, msusi wa tabaga, zile kawa za ukindu za rangi rangi ambazo mama za Kinubi hufunikia sinia za chakula. Hakuna harusi ya Kinubi kutoka Luzira hadi Bombo ambayo haikufunikwa na kazi ya mkono wake. Akitania, alitania na aliyekaa na aliyesimama. "Baba Maimunah ana wake wawili," aliwaambia wageni. "Mimi na bisibisi. Na bisibisi ndiyo inayonong'onezwa."

Kisha moyo wake ukachoka. Miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, akawa hawezi kulala bila mito mitatu mgongoni. Daktari aliwaambia wazi wazi, na binti yao Maimunah akiwa amesimama pale pale: siku pumzi itakapombana, asiachwe peke yake hata kidogo. Ainuliwe akae wima, apewe dawa yake, akimbizwe hospitali. Pawe na mtu wa kumsikia akiita.

Maimunah anafanya kazi katika ofisi za chuo kule Kyambogo, anakaa huko huko na wanawe. Siku ile ile akasema mama anakwenda naye.

"Nikafanye nini huko?" Zuleika akamjibu. "Nikae kwenye kochi niangalie televisheni kama mgeni? Nyumba yangu ninayo. Na baba yako amestaafu, yuko hapa kutwa."

Maimunah akamgeukia baba yake. "Baba, akikuita utamsikia?"

Sulaimani aliona midomo inachezacheza tu. Lakini Zuleika alikuwa ameshageuka, akamtazama usoni, akalirudia swali polepole kama mtu anayelishangaa: "Eti mimi nikiita, utanisikia?"

"Kwa nini nisisikie?" Sulaimani akafoka. "Mimi ndiye niliyekuwa nasikia valvu ikikohoa!"

Basi Maimunah akaridhika, akaondoka. Wale wawili walibaki wakicheka kama watoto walioiba sukari. Mchezo huo waliucheza kila Maimunah alipokuja: mama anarudia maneno, baba anamsoma midomo. Hawakuwa na ubaya wowote. Walikuwa wameishi pamoja tangu ujana wao, na kila mmoja aliogopa kupelekwa mahali ambapo mwenzake hayupo. Lakini Sulaimani alijua vizuri kwamba siku Maimunah atakapogundua, atambeba mama yake, na yeye Sulaimani hatakuwa na neno la kumpinga.

Usiku haukuwa na shida. Walilala pamoja, na Zuleika akimgusa tu, ameamka. Shida ilikuwa mchana, Zuleika alipojinyoosha chumbani na ukindu wake mapajani, na hakutaka mtu wa kumkalia. "Toka nje," alimwambia. "Unanitazama kama unachungulia saa ya kupimia mvuke."

Sulaimani akatoka. Akatafuta kamba ya nailoni na kapi dogo, akafanya kazi asubuhi nzima. Akachukua tabaga moja nyekundu, ndogo, ambayo Zuleika alikuwa ameisuka, akaishonea nati ya chuma ili iwe na uzito. Akaitundika juu ya nguzo ya baraza, mahali ambapo angeiona akiwa popote uani. Kamba ikapita kwenye kapi, ikaingia dirishani, ikafika kitandani, na mwisho wake akauvisha kwenye kidole cha Zuleika.

"Ukiishikilia, tabaga iko juu," alimweleza. "Ukiiachia, inaanguka. Ikianguka nakuja."

"Na nikizimia?"

"Si utakuwa umeiachia? Ndiyo maana yake!" Alifurahi kwa swali hilo mpaka akampiga busu la kichwani.

Ilifanya kazi, na hiyo ndiyo iliyokuwa balaa. Zuleika akisinzia, kidole kikilegea, tabaga chini, na Sulaimani anatimka mbio na povu la sabuni usoni. Zuleika akinyoosha mkono kuchukua ukindu wa kijani, tabaga chini. Siku moja alimkuta anakunywa chai kwa raha zake. "Nilijikuna," akasema. Walicheka. Lakini mzee naye ana magoti, na kila mbio moyo wake ulikuwa unamtoka. Zuleika naye hakuweza kusuka na kamba kidoleni, na bila kusuka alikuwa anazidi kudhoofika.

"Baba Maimunah, bambi, nakusihi," alimwambia mwishoni, akimshika kidevu ili amtazame. "Mimi siyo mlinzi wa geti. Nipe mikono yangu. Weka kitu nikuite nikikutaka, basi."

Hapa inabidi tumtaje Oloya. Oloya ni mtu wa makamo, ndiye aliyekuwa msimamizi wa matangi Sulaimani alipokaribia kustaafu. Kompresa, ile mashine inayosukuma hewa kwenye vibomba, ilikuwa imezeeka, na hewa ikayumba mara kwa mara. Kila ikiyumba, valvu ya mvuke inajifunga, tangi linapoa, kazi inaharibika. Oloya akachoka. Akachomeka kipande cha chuma chini ya fimbo, akakifunga kwa waya, valvu ikakaa wazi, kazi ikaenda vizuri sana. Sulaimani alipoona, alimgombeza mbele ya watu wote.

"Inafunga bure, mzee!" Oloya alijitetea. "Hakuna hatari yoyote, inafunga bure tu!"

"Wacha ifunge bure! Kila ikifunga bure inakuonyesha kwamba siku ya kweli itafunga. Wewe umeifundisha ikae kimya. Sasa ikifa, itakuambia nini?"

Oloya alikata waya kwa mkono wake, uso umemshuka. Watu walikumbushana kisa hicho muda mrefu.

Na mtu huyo huyo, mwenye maneno hayo hayo, alitoka uani akabadilisha kamba. Tabaga akaifunga juu ya nguzo kwa kijiti kilichopita kwenye kitanzi, na kamba ya Zuleika akaifunga kwenye kijiti. Sasa asipoigusa, tabaga inakaa juu. Akivuta, kijiti kinachomoka, tabaga inaanguka. Upepo usije ukakichomoa, akakikaza vizuri. Zuleika alijaribu mara moja, akavuta kwa mikono miwili, tabaga ikaanguka, akapiga makofi. Tangu hapo hapakuwa na mbio za bure. Nyumba ikatulia, Zuleika akarudi kwenye kusuka, na Sulaimani akawa anainua macho tu kuangalia juu ya nguzo. Swali lake lile hakujiuliza. Mtu wa kazi ile, miaka yote ile! Ungemwuliza kiwandani, angekujibu usingizini.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, jua zuri, mvua ya usiku imeosha vumbi. Zuleika alikuwa amesema anatamani samaki, ngege wa kuchemsha na limau. Jirani yao Blandine, mama wa Kikongo anayechuuza samaki, alipitisha ngege mmoja mnene aliyetoka naye mwaloni Ggaba. Sulaimani akaketi kwenye kigoda uani, akielekea nguzo, akaanza kumpara samaki magamba. Alipara polepole, kwa sababu Zuleika hapendi kukuta gamba kwenye mchuzi. Kila baada ya muda aliinua kichwa. Tabaga iko juu. Akasema alhamdulillahi, akaendelea. Akapasua tumbo, akaosha, akatia chumvi. Akainua kichwa. Iko juu. Akafikiri kwamba amelala, ni vizuri apumzike, akiamka atakuta chakula tayari.

Blandine akarudi na malimau aliyoyasahau. Akampungia mkono, akaingia ndani kumjulia hali mgonjwa.

Alitoka mikono kichwani. Sulaimani aliona mdomo wake umefunguka wazi, akadhani anauliza habari ya samaki. Akatabasamu, akanyoosha kisu kuelekea juu ya nguzo.

"Yuko salama, Mama Blandine," alisema. "Angalia, iko juu."

Blandine akamjia, akamshika mkono wenye magamba, akamvuta kama mtoto. Njia nzima mdomo wake ulikuwa wazi, na Sulaimani hakusikia kitu.

Zuleika alikuwa ameteleza kutoka kwenye mito, nusu yake ukingoni mwa kitanda. Ukindu umetawanyika sakafuni, kijani na zambarau. Kamba alikuwa ameizungusha kwenye vidole, ikazunguka tena kiganjani, na ilikuwa imenyooka mpaka dirishani. Alikuwa ameivuta. Aliivuta kwa pumzi aliyobakiwa nayo, na pumzi hiyo haikutosha kuchomoa kijiti.

Sulaimani alipiga magoti akaanza kuifungua kamba vidoleni mwake. Vidole vilikuwa bado vina uvuguvugu, na nailoni ilikuwa imeacha alama nyekundu.

Walimzika kesho yake Bombo, kwa wazee wake, watu wakajaa. Daktari alimwambia Maimunah kwamba moyo ule ulikuwa umefika mwisho, huenda hata angekuwa wodini isingesaidia. Maimunah alimrudia baba yake maneno hayo? Hakumrudia. Alikuwa na neno jingine. Walipobaki wawili alimsimamia mbele na kumwuliza, na safari hii hapakuwa na mtu wa kulirudia swali, lakini alilielewa.

"Ulikuwa umekaa wapi, Baba?"

"Pale. Kwenye kigoda."

"Na hukumsikia?"

"Sisikii, mwanangu. Sisikii toka zamani. Mama yako alikuwa anajua."

Maimunah akafunika uso kwa mtandio, akatoka. Siku zote za matanga alimpa baba yake chakula, alimpa maji, alimfulia kanzu, na hakumtazama usoni, kwa hiyo Sulaimani hakuweza kujua kama anamsemesha.

Oloya alikuja kutoa rambirambi. Akakaa kwenye mkeka barazani, akaiona tabaga juu ya nguzo, akaifuata kamba kwa macho mpaka dirishani. Ni mtu wa matangi, hakuhitaji kuelezwa. Sulaimani alimwona anavyoifuata.

"Ivute," Sulaimani akamwambia. "Kwa kidole kimoja."

Oloya akaenda, akavuta kwa kidole kimoja. Tabaga haikutikisika. Akasimama ameishika kamba, hajui aiachie au afanye nini.

"Mwanzo niliifunga sawa," Sulaimani akasema. "Ilikuwa ikiachiwa, inaanguka. Ilikuwa inaanguka bure bure. Tukaona inatusumbua." Akamgeukia. "Wewe nilikugombeza mbele ya watu, Oloya."

"Uliniokoa mzee, achana na hayo," Oloya akasema, lakini alisema akiwa ameinamisha kichwa, na Sulaimani hakuyaona maneno hayo midomoni mwake.

Baada ya arobaini Maimunah alikuja kufungasha vitu vya mama yake. Alikuwa ameshaamua kwamba baba naye aende Kyambogo, ingawa hajamwambia. Akaingia jikoni kwanza kukanda unga, apike kitu kabla ya kazi. Jiko lao liko nje, linatazamana na baraza. Maana ya tabaga ile juu ya nguzo alikuwa ameshaelezwa na Blandine.

Sulaimani hakujua kama ameonekana au la. Tangu asubuhi alikuwa na ngazi na koleo. Alikuwa amekitoa kile kijiti, ameifunga kamba upya kama alivyoifunga mara ya kwanza, kupitia kapi, kupitia dirisha. Hakuna aliyemtuma. Alipomaliza aliingia chumbani, akalala upande wa Zuleika, juu ya mito ile mitatu, akauvisha mwisho wa kamba kidoleni mwake. Akauhisi uzito wa nati, mwepesi, unamvuta taratibu. Mtoto mchanga angeweza kuushika. Akakaa hivyo kwa muda akitazama dari.

Kisha akaiachia kamba.

Kamba ikakimbia dirishani. Tabaga iliangukaje hakusikia. Alilala vile vile, mkono wazi, na alikuwa bado hajavuta pumzi ya pili Maimunah alipotokea mlangoni, amekimbia, unga mpaka kwenye viwiko, macho yamemtoka. Sulaimani akaisoma midomo yake: Baba! Baba, nini?

"Umesikia?" akamwuliza.

Maimunah akaja mpaka kitandani, akainama ili aonekane vizuri. "Nimeiona," akasema polepole, kama mama yake. "Nimeiona inaanguka."

"Ndiyo," Sulaimani akasema. "Ndivyo ilivyotakiwa iwe."

Na hapo akalia, kwa mara ya kwanza tangu Bombo. Maimunah alimkumbatia, unga ukamjaa mgongoni. Mzee hakujua analia kwa sauti kubwa kiasi gani, na mtaa mzima ulikuja.